Siku Tisa za Mwalimu Twahiru

Mwalimu Twahiru Assani alikuwa na sheria moja, na aliiandika kwa chaki juu kabisa ya ubao wake, mahali ambapo kifutio hakifiki: Usimtie mtu kinywani neno ambalo hakulisema. Aliishika kwa miaka kumi na saba. Aliivunja siku moja ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, na hakuna mtu aliyemlazimisha.

Alizaliwa Birere, katikati ya Goma, katika jamaa ya Waislamu waliotoka Kasongo, Maniema. Baba yake aliendesha lori la mizigo hadi Kampala, na kila aliporudi alikuja na vipuri vilivyofungwa kwa magazeti ya Kiingereza. Twahiru alianza kusoma lugha hiyo kwenye karatasi zenye mafuta ya injini. Alipomaliza masomo ya ualimu alifungua darasa lake mwenyewe huko Mabanga, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Lilikuwa na mabenchi saba na ubao mmoja. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliotaka kazi kwenye mashirika, kwa kuwa katika mji huu mwenye Kiingereza huitwa kwanza, hata kama mwenzake ana akili zaidi.

Hakuwa mwalimu wa kuchekesha, lakini alikuwa mwaminifu. Mwanafunzi akitoa jibu zuri kwa bahati, alimwambia ni bahati. Mtu akimletea barua ya kutafsiri, alitafsiri na matusi yaliyokuwemo.

Somo aliloliheshimu kuliko mengine lilikuwa la vitenzi ambavyo Waingereza hutumia mtu anapotangaza jambo au anapokubali kosa. Aliviandika kimoja chini ya kingine: say, declare, acknowledge, admit, confess. Kisha alishuka navyo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Say ni kusema tu. Mtu amesema, umesikia, basi. Declare ni kutangaza: unasimama mbele ya watu kwa hiari yako ili jambo lijulikane. Acknowledge ni kutambua kwamba jambo lipo, hata kama si wewe uliyelileta. Kwenye admit kuna lawama tayari. Kuna mtu anakubana, na wewe unasema ndiyo, ni langu. Confess ni nzito kuliko zote. Unatoa lililofichwa, kama mbele ya padri ao mbele ya polisi."

Jeancy, dereva wa pikipiki aliyezoea kukaa benchi la nyuma na kofia yake ya chuma magotini, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, pale mpakani kwenye barrière mutu wa douane ananiuliza kila siku kama niko na kitu ya ku-declare. Minamwambia hapana. Sasa hapo nime-declare nini?"

"Hapo umedanganya. Kitenzi chake tulikifanya wiki iliyopita."

Darasa lilicheka. Élodie, muuguzi, hakucheka. Alikuwa mtu wa kuuliza mpaka aridhike.

"Lakini mwalimu, admit na say si ni karibu? Mugonjwa akisema alikunywa dawa ya majani, nikiandika hii ao ile, kuna tofauti gani?"

"Ukiandika amesema, daktari atamtibu. Ukiandika amekiri, daktari atamgombeza kwanza, halafu ndipo amtibu. Mgonjwa ni yuleyule na majani ni yaleyale. Ni wewe umebadilisha mambo."

Basi alilijua jambo hilo. Alilijua na kulifundisha, na hilo ndilo linalofanya yaliyofuata yawe mabaya zaidi.

Mwaka ambao kambi za Mugunga zilijaa mpaka watu wakasimamisha vibanda juu ya mawe makali kama visu, shirika moja la maji lilimwajiri Twahiru kuwa mkalimani. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu, unaoweza kurudiwa. Asubuhi alikwenda Mugunga, alasiri alifundisha Mabanga. Mke wake, Asma, aliweza kununua cherehani ya pili.

Shirika liliweka vituo kando ya ziwa. Watu wa kambi walichota maji ya ziwa wenyewe kwa bidoni za manjano, kisha walipita mbele ya meza. Juu ya meza palikuwa na ndoo ya dawa ya klorini iliyochanganywa asubuhi ile, na wanawake wenye glovu walivuta dawa kwa sirinji na kuidunga katika kila bidoni. Mtu alisubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mara kadhaa kwa siku walichukua maji kidogo katika kichupa, wakatia kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka ya waridi, dawa inafanya kazi. Yakibaki meupe, haifanyi.

Msimamizi wa kituo cha kwanza alikuwa Généreuse Kavira, mjane aliyetoka Butembo, Mkatoliki, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyofika mwisho wa foleni bila kipaza sauti. Aliwaongoza wadungaji sita. Alijua nani ana watoto wadogo na nani hutupa maji ya dawa akidai yananuka.

Katika foleni ile alikuwemo Mama Dancille, mkimbizi kutoka upande wa Kiwanja, aliyekuja na bidoni mbili ndogo za lita tano kwa sababu mgongo haukumruhusu kubeba zaidi. Huyo hakuacha kumtania Twahiru.

"Muzee Kiingereza! Uwaambie wazungu wako hii maji iko na harufu ya piscine. Waniletee na nguo ya kuogelea!"

"Nitawaambia, mama."

"Uwaambie hivyo hivyo. Usipunguze kitu!"

Mwezi wa tano ugonjwa uliingia kambini. Katika wiki moja watu thelathini na mmoja waliokuwa wakitumia kituo cha kwanza walipelekwa kwenye mahema ya kipindupindu. Shirika lilimtuma mchunguzi kutoka ofisi yake kubwa ya nje. Alikuwa na siku mbili na fomu ya ukurasa mmoja kwa kila msimamizi. Chini ya fomu palikuwa na swali: je, mfanyakazi anakiri kosa? Ndiyo. Hapana. Weka alama.

Mchunguzi hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Alimwambia Twahiru achukue maelezo ya Généreuse peke yake, ayaandike kwa Kiingereza, na amletee kabla ya saa sita.

Walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya meza ya dawa. Généreuse alivua glovu, akaziweka magotini, na kuanza kama anavyoanza mtu mzima yeyote wa mkoa huu anayesimamia wengine.

"Mbele ya yote naomba musamaha. Kama batu wamegonjwa, kosa ni yangu. Mimi njo mama wa hapa. Sasa muniache nieleze."

Kila aliyekulia Goma amesikia maneno hayo mara mia. Mkuu wa avenyu huyasema kabla ya kujibu kuhusu mtaro uliobomoka. Mkubwa wa jamaa huyasema matangani, chakula kisipotosha. Aliyepewa watu hujishusha kwanza ili waliokasirika wakae chini, halafu ndipo aeleze mambo yalivyokwenda. Hakuna anayeyachukua kuwa ni kukiri. Asiyeyasema huonekana hana adabu, na maelezo yake hayasikilizwi.

Kisha Généreuse alieleza. Ndoo tatu za mwisho za unga wa klorini zilifika mifuniko ikiwa imeachia. Unga ulikuwa umeshika unyevu na kuwa mabonge. Walipopima, maji hayakuwa ya waridi. Alituma ujumbe wa sauti kwa depo, ghala la shirika, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na bado alikuwa nao katika simu yake. Kila mara walimjibu kwamba aendelee, nyingine zinakuja.

"Nikaendelea," alisema. "Nikaongeza kipimo. Ningefunga, batu wangekunywa ya ziwa hivi hivi. Andika na hiyo, Papa Twahiru. Andika kama niliona, na nilisema."

"Naandika, mama."

Aliandika kweli, kurasa mbili za daftari. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari la shirika kuhamisha maelezo kwenye fomu. Ilikuwa saa tano na robo. Alitaka kuwahi sala ya Ijumaa mjini. Hicho ndicho kisingizio alichojipa baadaye, nacho si cha kweli, kwa sababu fomu ile ingeweza kujazwa vizuri kwa dakika kumi zaidi. Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo mchunguzi alikuwa ameirudisha fomu ya mkalimani mwingine akisema ni ndefu, inazunguka, na Twahiru alitaka kusifiwa. Hivyo aliandika kwa Kiingereza kizuri kabisa: She admitted that the fault was hers. Amekiri kwamba kosa ni lake. Chini yake akaongeza sentensi moja, kwamba alitaja pia matatizo fulani ya ugavi. Akaweka alama kwenye Ndiyo.

Mchunguzi alisoma akiwa amesimama. "Fupi na safi," alisema. "Laiti wote wangeandika hivi."

Twahiru aliwahi sala.

Siku ya Jumatatu, baada ya wiki mbili na ushei, Généreuse aliingia darasani Mabanga katikati ya somo. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na ameshika bahasha.

"Munisamehe, wanafunzi," alisema. "Papa Twahiru, wamenipatia barua. Iko ya Kiingereza. Pale biro ya shirika banasema nimefukuzwa, lakini hawanielezi juu ya nini. Nikasema nitaenda kwa mutu mwenye anajua. Nisomee."

Alimpa barua ambayo chanzo chake kilikuwa kalamu ya Twahiru mwenyewe. Wanafunzi kumi na tisa walimtazama. Twahiru alisoma mstari wa kwanza kwa macho.

"Inasema nini?"

"Inasema mkataba wako umekatishwa."

"Hiyo najua. Juu ya nini?"

"Inasema ulikiri kosa."

Généreuse alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ameolewa na hana habari.

"Nilikiri? Kwa nani?"

Twahiru aliikunja barua.

"Mama, uniachie barua. Nitaisoma vizuri nikujibu."

"Isome, papa. Kule kambini batoto wananiita mama wa kipindupindu. Na kwaya ya parokia wameniambia nipumzike kwanza. Nipumzike na nini?" Alipofika mlangoni akageuka. "Na zile ndoo, sasa wamezipeleka kituo ya pili. Kama mwenye kosa ni mimi, basi dawa haina neno. Wanaona hivyo."

Alipotoka, Élodie aliuliza kama ni neno lile la somo. Twahiru alimwambia wafungue ukurasa wa arobaini.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Siku ya pili alimweleza Asma. Asma aliendelea kupiga cherehani mpaka mwisho wa mshono, ndipo akainua uso.

"Umemwambia yeye?"

"Bado."

"Usimwambie. Nenda kwa bakubwa, urekebishe polepole. Neno moja tu, Baba Djibril! Karatasi ngapi zinaharibika mule biro? Utajichomea nyumba juu ya neno moja?"

"Si langu, Asma. Nilimwekea."

"Basi umutoee! Nani amekataza? Nakuambia tu usipige ngoma. Kontra yako inaisha mwezi wa saba. Djibril anaingia université mwezi wa kumi. Mimi nimekuambia."

Hakuwa mwanamke mbaya. Alisema ambacho nyumba nyingi za Goma zingesema.

Siku ya tatu Twahiru alikwenda kwa Ndagijimana, aliyeshughulika na wafanyakazi pale ofisini, mtu mpole aliyepanga kalamu zake kwa rangi. Alimweleza nusu ya jambo. Ndagijimana alielewa lote.

"Andika clarification," alisema. "Ufafanuzi. Huo unaingia faili kila siku. Sema kwamba maelezo huenda hayakueleweka vizuri. Hapo hakuna mutu amekosea, na mama anaweza kuomba aangaliwe upya."

"Baada ya muda gani?"

"Miezi miwili. Mitatu. Muzee, usikimbilie. Ukiandika umekosea, mimi mwenyewe nitalazimika kukuandikia barua. Usinipe hiyo kazi."

Twahiru aliandika ufafanuzi. Aliuandika siku ya tatu, ya nne na ya tano, kila mara ukurasa mpya. Huenda maelezo hayakunukuliwa kikamilifu. Inawezekana baadhi ya maneno yalichukuliwa tofauti. Alikuwa mwalimu, naye aliona alichokuwa akifanya: maneno yalinukuliwa yenyewe na kuchukuliwa yenyewe, na katika ukurasa mzima hapakuwa na mtu. Mwanafunzi wake angemletea kazi kama hiyo angeichora mstari mwekundu. Ufafanuzi wake aliukunja, akautia mfukoni, wala hakuupeleka, wala hakuandika mwingine. Siku ya sita na ya saba alikwenda kazini kama kawaida. Siku ya nane Généreuse alimtuma mtu kumuuliza kama amemaliza kuisoma barua. Alijibu kwamba bado. Barua yenyewe ilikuwa na mistari kumi na miwili.

Siku hizi zote tisa ndizo kosa lake kubwa. Neno aliloandika ndani ya gari lilikuwa la haraka na la kiburi, na watu wengi hukosea hivyo. Lakini mtu anayejua ukweli, anayejua nani anaumia, na bado anaamka asubuhi, ananawa, anafunga vifungo vya shati na kwenda kazini akiwa amenyamaza, huyo anakosea upya kila siku.

Siku ya tisa, Jumanne, Élodie alichelewa darasani. Aliingia macho yakiwa mekundu kwa uchovu. Alifanya kazi kwenye mahema ya kipindupindu, na alitaka tu kuomba ruhusa.

"Wamerudi, mwalimu. Tangu Ijumaa. Tulidhani imeisha, sasa vitanda vimejaa tena. Tisa leo asubuhi peke yake."

"Wanatoka wapi?"

"Upande wa chini. Wale wa kituo ya pili. Na hata wa kituo ya kwanza wengine, tangu wamefukuza ule mama wanaenda kuchota kule, juu banasema ya kwanza iko na sumu. Kuna moja, bibi, anacheka hata na sindano ya serum mukononi. Ananiambia nimusalimie Muzee Kiingereza. Niliwaza ni wewe."

Twahiru aliweka chaki. Alikaa kwenye kiti chake na, mbele ya darasa zima, akachukua karatasi na kuandika. Aliandika kwa dakika kama tano, akaandika nakala ya pili, kisha akasimama.

"Barua ya Mama Kavira mliisikia. Aliyeandika kwamba amekiri ni mimi. Yeye hakukiri. Aliomba msamaha kama tunavyoomba sisi sote, halafu akaeleza, na mimi maelezo nikayatupa. Nilijua. Nimejua siku zote tisa. Jeancy, uko na mafuta?"

"Niko nayo, mwalimu."

"Nipeleke biro."

Jeancy aliendesha hadi karibu na mzunguko wa barabara ya Sake. Kisha akageuza kichwa kidogo.

"Mwalimu, watakufukuza?"

"Ndiyo."

"Basi hii safari sikuombi kitu."

"Utaomba. Angalia mbele."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari michache. Ilisema kwamba Généreuse Kavira hakukiri kosa lolote. Ilisema kwamba neno lile ni la mkalimani, kwamba aliliandika akijua si la Kavira, na kwamba maelezo kamili yamo katika kurasa mbili za daftari zilizoambatishwa. Mwisho ilisema: unga wa klorini ulioko kituo cha pili upimwe leo.

Ndagijimana alisoma akiwa ameshika paji la uso.

"Papa Twahiru. Hii karatasi ikiingia hapa, haitoki."

"Ndiyo maana nimeleta mbili. Moja unipigie muhuri, ibaki na mimi."

"Ungeniachia ile ya clarification..."

"Simu ya depo unayo? Wapigie kwanza kuhusu ndoo. Muhuri utapiga baadaye."

Ndagijimana alipiga simu. Hilo liandikwe kwa upande wake: alipiga simu kabla ya kupiga muhuri.

Saa kumi na moja jioni Twahiru alifika kituo cha kwanza. Foleni ilikuwa fupi, kwa sababu watu walikiogopa. Généreuse alikuwepo, na bidoni yake, nyuma kabisa, akisubiri dawa kama mwananchi yeyote mahali ambapo alikuwa mkuu. Mwanamke aliyemtangulia alikuwa ameacha nafasi kubwa kati yao.

Twahiru alisimama kando ya meza ya dawa. Hakuwa na sauti kubwa, na mara ya kwanza hawakumsikia.

"Anasema nini huyo?"

"Nyamazeni, ni mutu wa shirika."

"Nasema," alirudia, "Mama Généreuse hakuharibu dawa. Dawa ilikuja imeharibika, na alitoa habari siku tatu mfululizo. Mimi ndiye niliyeandika kwa wakubwa kwamba amekiri. Niliandika uongo. Leo nimewapelekea barua."

Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaweka bidoni chini.

"Kumbe ni weye! Na tulikuwa tunakuita mwalimu!"

"Kiingereza ya kutafuta kupendwa na bakubwa," akasema mwingine. "Umekula sawa?"

"Mimi huyu mama nilimutemea mate," akasema wa tatu, kwa sauti ya chini. "Jamani. Nilimutemea mate."

Généreuse alipita kando ya foleni akaja mbele.

"Sema tena. Wale wa nyuma hawakusikia."

Alisema tena, neno kwa neno.

"Ulijua lini?"

"Siku ile niliyoandika."

"Na siku nilikuletea barua?"

"Nilijua."

"Papa Twahiru, mimi nilisema kosa ni yangu, na sikuwa na kosa. Weye ulikuwa nalo, ukasema nitakujibu." Alichukua bidoni yake. "Sina neno ya kukuongeza. Barua yangu uniletee kesho. Ile yako yenye muhuri nayo ulete, nitaiweka kwa kwaya."

Hakumwambia amemsamehe, naye Twahiru hakuomba. Alimuuliza tu kuhusu Mama Dancille, aliyelazwa kwenye mahema, kama kuna mtu wake kambini. Généreuse alisema hana mtu. Aliondoka Kiwanja peke yake.

Unga ulipimwa jioni ileile, ukakutwa hauna nguvu hata nusu. Ndoo zote za kundi lile ziliondolewa. Mwezi uliofuata shirika lilimwandikia Généreuse barua nyingine, safari hii kwa Kifaransa, na kumrudisha kazini, lakini si katika kituo chake. Tayari palikuwa na msimamizi mwingine. Alipewa cha Bulengo, mwendo wa saa nzima kutoka kwake. Kwaya ilimwita tena. Aliingojesha wiki tatu kabla ya kurudi.

Twahiru anafundisha bado pale Mabanga. Wengine wanasema alifanya vizuri mwishoni, na kwamba hilo linatosha. Yeye mwenyewe hasemi hivyo, na hana ruhusa ya kusema hivyo. Kambi za Mugunga sasa zimevunjwa, watu wametawanyika, na sheria yake ingali juu ya ubao. Chini yake ameongeza ya pili, kwa chaki ileile: Ukimtia, mtolee siku hiyo hiyo.

Neno lile lilimgharimu Twahiru kazi ya shirika, na jina lake likafungwa katika mashirika mengine. Djibril hakuingia chuo mwaka ule. Asma aliuza cherehani ya pili. Katika wanafunzi kumi na tisa walibaki wanane. Généreuse alipoteza wiki sita za kazi na kituo alichokiongoza. Na katika zile siku tisa ambazo mwalimu alikuwa akisoma barua ya mistari kumi na miwili, watu ishirini na wawili waliokunywa maji ya kituo cha pili waliugua. Ishirini na mmoja walipona. Dancille Nyirabagenzi hakupona.